Umbali kwa Mujibu wa Waraka

Katika Idara ya Vipimo, mita ilikuwa mita na kilo ilikuwa kilo, na mchezo haukuwapo. Maofisa wake wakiingia sokoni, wauza nyanya walisukumia mizani chini ya meza kama watu waliofumaniwa, na muuza vitambaa aliyezoea kuiba kidogo kwa kidole gumba alijishika tumbo, akafunga duka, akaenda zake. Idara ilikuwa na rula ya chuma iliyofungiwa kabatini, ambayo hata mkurugenzi mwenyewe hakuruhusiwa kuishika bila glavu. Lakini palikuwa na kitu kimoja, jamani, kimoja tu, ambacho watu wale hawakuwahi kukipima hata siku moja, nacho ni umbali wa safari ya mkubwa wao anapokwenda ng'ambo. Huo ulikuwa haupimwi. Huo ulikuwa unakaliwa kikao.

Na mtaalamu wa shughuli hiyo alikuwa karani wa safari, mama mmoja aliyekaa mwisho wa ukumbi wa ghorofa ya pili, kati ya kabati lisilofunga na dirisha lisilofunguka. Wenzake walimwita Bi Njia, na alilipenda jina hilo kuliko la kuzaliwa. Ukutani mwake palikuwa na ramani ya dunia iliyopauka upande wote wa bahari, na pembeni ya ramani palibandikwa waraka. Ndege alikuwa hajapanda maishani mwake. Ila ungemwuliza ndege ipi inatoka wapi na inalala wapi, angekujibu huku anatafuta kalamu.

Waraka wenyewe ulikuwa hivi. Safari ikiwa chini ya saa kumi hewani, mkubwa anakaa nyuma na watu wengine, magoti yamemgusa kidevu, na anakwenda peke yake. Ikifika saa kumi, mambo yanabadilika kabisa: anahamia mbele, kwenye kiti kinachonyooka kikawa kitanda, anapewa soksi, na anaruhusiwa kuchukua msaidizi mmoja, ambaye yeye atabaki hukohuko nyuma, Mungu amsaidie. Ikipita saa kumi na tano, mkubwa anapewa siku ya kupumzika njiani, hotelini. Na kama baada ya hapo anajiona bado amechoka, aongeze nyingine. Hapo ndipo kazi ya Bi Njia ilipokuwa. Safari ya saa nane aliweza kuivuta ikafika kumi na mbili, bila kusema uongo hata neno moja, kwa kuipitisha huku na kuizungusha kule. Wakurugenzi watatu walipita pale idarani, na wote watatu waliondoka wakiwa na soksi za ndege za kutosha.

Mwaka ule ukaja mwaliko wa mkutano wa siku moja, Jumatano, katika mji mkubwa wa mbali, kaskazini kabisa. Mkurugenzi wa sasa, bwana mfupi mwenye tai ndefu, alialikwa kutoa hotuba juu ya usahihi wa vipimo. Alifurahi mno. Furaha hiyo iliingia doa alipoambiwa kwamba kuna ndege inayokwenda huko moja kwa moja, na inatumia saa tisa na nusu.

"Tisa na nusu," alisema, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Nusu saa tu imekosekana?"

Bi Njia alipousikia ule mji ukitajwa, aliiweka kalamu chini. Ndiko alikokuwa binti yake wa pekee. Alikwenda kusoma, akaolewa hukohuko na fundi wa mitambo ya meli, kijana mzuri tu, ila siku nyingi yuko baharini. Miaka saba mama na mwana walikuwa wakionana kwenye kioo cha simu kilichopasuka pembe. Sasa binti alikuwa na mimba, mtoto amekaa vibaya tumboni, na madaktari walikuwa wamekwisha amua: atafanyiwa upasuaji Jumatano ileile, saa tatu asubuhi. Mume yuko katikati ya bahari, na meli haigeuzwi kwa ajili ya mke wa fundi.

"Mama, sikuombi kitu," binti alikuwa amemwambia kwenye simu. "Naogopa tu. Nataka wakati wananisukuma kuingia kule ndani, nikigeuza shingo, nikuone wewe. Halafu waniingize watakakoniingiza."

"Nitakuwepo," alijibu Bi Njia. Alisema hivyo akiwa hana tiketi wala mbinu, ana mdomo tu. Lakini aliisema, na mama akishamwambia mwanawe neno kama lile halirudi tena.

Sasa angalia Mungu alivyo na mambo yake. Mji uleule, siku ileile, na kilichohitajika ili Bi Njia awe msaidizi wa safari ni nusu saa. Nusu saa! Yeye aliyekwisha kuvuta masaa kwa ajili ya watu asiowapenda.

Alichukua ramani yake ndogo ya mezani, akapanda ghorofa ya tatu, akabisha.

"Bosi, kuhusu ile ndege ya moja kwa moja. Nimeitazama vizuri. Si nzuri."

"Ina nini?"

"Ni fupi."

Mkurugenzi akaweka miwani mezani. Waliangaliana kama watu wanaoelewana.

Bi Njia akamwonyesha. Wakitua hapa, mji ulio pembeni kidogo ya njia, wakabadilisha ndege, safari inakuwa saa kumi na moja hewani. Wanaondoka Jumanne asubuhi, usiku wanafika, Jumatano bosi anahutubia. Na kwa kuwa msaidizi anaruhusiwa, na kwa kuwa mambo ya kubadilisha ndege yanataka mtu anayeyajua, basi pengine, kama bosi ataona inafaa, yeye mwenyewe asindikize.

"Una shughuli yoyote huko?" aliuliza mkurugenzi. Maana waraka ulisema pia kwamba msaidizi asiwe na shughuli zake binafsi aendako.

Bi Njia akaikunja ramani. "Sina, bosi."

Pale ndipo alipoharibu, na tusimwonee huruma sana, maana miaka yote ile aliona uongo wa namna hiyo ukipita mezani kwake na akaupigia muhuri.

Mambo yangeishia hapo, mkurugenzi angelala mbele, mama angefika kwa mwanawe, na hadithi ingekwisha. Lakini idara ina naibu. Na naibu yeyote yule, akiona mkubwa wake amefurahishwa na mtu mwingine, halali. Naibu huyu alikuwa mrefu, mkavu, na anayecheka kabla bosi hajamaliza utani. Alidai jambo zito kama lile lisiamuliwe na watu wawili. Ikaitwa kamati. Kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni iliandikwa Kamati ya Umbali.

Walikaa wanne: mkurugenzi, naibu, mhasibu na Bi Njia. Maji ya chupa yaliletwa. Bi Njia akaeleza njia yake ya saa kumi na moja.

"Kazi nzuri," alisema naibu. "Kazi nzuri sana. Ila mimi najiuliza, kwa nini tunamnyima mkurugenzi mapumziko?"

"Nani amemnyima?" aliuliza mhasibu.

"Waraka unasema ukipita saa kumi na tano unapumzika njiani. Sisi tumeishia kumi na moja. Tumemfikisha mlangoni, tukamfungia nje." Akageuka kwa mkurugenzi kwa uso wa huruma. "Bosi, wewe unakwenda kuzungumzia usahihi. Mtu aliyechoka anaweza kusema usahihi kweli? Atakosea."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa taratibu, akiwaza uchovu wake.

Naibu akasimama, akaweka kidole kwenye ramani. Akakiweka kusini. Kusini kabisa, kwenye mji ambao, kwa bahati, mdogo wake alikuwa akiishi, na ambako, kwa bahati nyingine tena, shemeji yake alikuwa akisubiri cherehani iliyokosa mtu wa kuifikisha. Waende kwanza huko, saa nne na nusu. Wapumzike. Kisha wachukue ndege ya kutoka huko kwenda kaskazini, saa kumi na nne. Jumla, kumi na nane na nusu.

"Lakini huko ni kurudi nyuma!" Bi Njia alijikuta amepaza sauti. "Mkutano uko kaskazini, sisi tunakwenda kusini?"

"Dunia ni mviringo, Bi Njia," alisema naibu kwa upole, kama anamfundisha mtoto.

Mhasibu akauvuta waraka, akausoma toka juu hadi chini, akausoma tena. "Humu neno nyuma halimo," alisema. "Humu kuna hewani tu. Kwa mujibu wa waraka, kote huko ni kwenda."

Bi Njia alitaka kuruka na kusema yote, binti, upasuaji, shingo itakayogeuka. Akajizuia. Angesema, wangempangia bosi msaidizi mwingine palepale, na naibu alikuwa tayari anajitazama suti. Akapiga hesabu haraka kichwani: kuondoka Jumapili, kupumzika Jumatatu, Jumanne alfajiri kupanda ndege ya kaskazini, Jumanne jioni kufika. Usiku mzima wa akiba. Haya, alijiambia, na wazunguke. Akakubali shingo upande, kamati ikapiga makofi, na cherehani ikaletwa ofisini kesho yake asubuhi ikiwa imefungwa kwa blanketi.

Jumapili wakaondoka. Mkurugenzi alizishika pasipoti zote mbili na tiketi zote mbili kwenye mkoba wake, kwa usalama, maana msaidizi ni msaidizi. Alipita mbele akaenda kufunikwa blanketi. Bi Njia akakaa kiti cha katikati huko nyuma, cherehani juu yake kwenye sanduku la mizigo, akaifunga mikanda, na kwa mara ya kwanza maishani akaiona kwa macho kazi aliyoifanya kwa kalamu. Mbele yake palikuwa na kioo kidogo chenye ramani na kindege. Kindege kiligeuza pua kikaelekea kusini. Alikitazama kikienda, kikienda, huku mji wa binti yake uko juu kabisa ya kioo, hadi ukatoka nje ya kioo. Alikuwa akisafiri kumkimbia mwanawe, na njia ameichora yeye.

Walipotua, binti akapiga simu.

"Mama, umefika wapi?"

"Niko njiani, mwanangu."

"Njiani wapi? Mbona nasikia ndege yenu ni ya saa tisa na nusu?"

"Tunazunguka kidogo tu. Mambo ya ofisi. Jumanne jioni niko kwako."

"Usinichezee, mama."

"Nikuchezee wewe? Lala."

Jumatatu ilipita vizuri. Mkurugenzi alipumzika kwa bidii. Alipumzika bwawani, akapumzika saluni, mchana akapumzika madukani, na Bi Njia nyuma yake na mifuko. Cherehani ilifikishwa, shemeji wa naibu akaipokea na kulalamika kwamba si rangi aliyoagiza. Jioni waliagana kwenye lifti: alfajiri, hapa chini, tayari na mabegi.

Alfajiri Bi Njia alikuwa chini. Aliwahi kiasi kwamba mtu wa mapokezi alidhani hakulala. Akangoja. Gari la uwanjani likaja, likapiga honi moja ya adabu. Mkurugenzi hayupo. Akapanda mbio hadi mlangoni kwake, akakuta kimening'inizwa kile kikadi cha mlangoni: Usinisumbue. Akabisha. Akabisha tena, sasa kwa ngumi. Akapiga simu, imezimwa. Akashuka kwa yule wa mapokezi.

"Dada, nisaidie, mfungulie mlango. Pasipoti yangu iko ndani. Ndege inaondoka."

"Mama, mgeni ameweka kikadi. Hapa kwetu kikadi ni kikadi."

"Hata kama kunawaka moto?"

"Moto una kengele yake, mama."

Gari likaondoka. Ndege pia ikaondoka. Aliisikia ikipita juu ya hoteli. Kutoka pale ndege ya kaskazini ilikuwa moja kwa siku. Bi Njia alikaa kwenye kochi la mapokezi, mikono mapajani, mbele ya watu waliokuwa wanakula mayai.

Mkurugenzi alishuka jua limekwisha kuwa kali, kavaa kandambili za hoteli.

"Godoro lile ni laini mno," alisema. "Mgongo umekataa kabisa. Nimejipima, nimeona bado nimechoka. Waraka unaruhusu, siyo? Tutakwenda kesho."

"Bosi, mkutano ni kesho!"

"Mkutano utaningoja. Mimi ndiye usahihi wenyewe."

Hapo Bi Njia akapasuka. Hakujali kandambili wala cheo.

"Wewe utangojwa, mwanangu hangojwi! Binti yangu anapasuliwa kesho asubuhi, katika mji huohuo tunaokwenda, yuko peke yake, nimemwahidi nitakuwepo, na sasa nimekaa hapa kusini kwa sababu ya godoro! Nipe pasipoti yangu!"

Sauti za vijiko zikakatika ukumbi mzima. Mkurugenzi akamtazama, kwanza kwa mshangao, kisha, na hili ndilo lililomuumiza Bi Njia kuliko yote, kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa mbele muda mrefu.

"Masikini," alisema. "Ungesema mapema." Akaingiza mkono mkobani, akampa pasipoti. Kisha akasogea karibu, akateremsha sauti. "Ila umesema huna shughuli binafsi. Mimi nitafanya kama sijasikia. Usiwe na wasiwasi."

Akampigapiga begani, akaenda kutafuta mayai. Alijiona amefanya wema mkubwa, na hakuna mtu hapo aliyeweza kumwambia vingine.

Lakini pasipoti peke yake ingemfikisha wapi? Ndege ya kaskazini ni ya kesho. Wala njia nyingine haikuwepo. Bi Njia mwenyewe aliitafuta mchana kutwa kwenye simu yake iliyopasuka, yeye bingwa wa njia, na kila aliyoipata ilikuwa ndefu zaidi. Alizijua zote. Alizitumia zote kwa watu wengine. Alimwandikia binti: nitachelewa kidogo, mwanangu, naja. Binti hakujibu.

Jumatano alfajiri wakapanda. Mkurugenzi mbele, soksi mpya. Bi Njia nyuma, safari hii dirishani. Ndege ikapaa, na kindege kwenye kioo kikageuza pua kaskazini, hatimaye, Mungu mkubwa. Alikikazia macho kama mtu anayesukuma gari bovu kwa mawazo. Jua likatoka. Chai ikapita. Na baada ya mwendo mrefu, ilipofika saa tatu na nusu asubuhi, alitazama kioo akaona jina la mji uliokuwa chini yao.

Ulikuwa mji wao.

Aligandisha paji la uso kwenye dirisha. Hakukuwa na wingu hata moja. Ule mto unaokunja kiwiko, pale. Uwanja wa mpira, pale. Na pembeni ya uwanja, paa la buluu la Idara ya Vipimo. Kutoka juu kule huwezi kuliona, lakini yeye baadaye aliapa ameliona. Siku tatu wamesafiri, wamelala mahoteli, wamefikisha cherehani, wamechoka wakapumzika wakachoka tena, na sasa wako palepale walipoanzia, juu kidogo tu. Chini kule naibu huenda alikuwa anakunywa chai kwenye kiti cha bosi. Na saa za huko anakokwenda ndizo saa za hapa, maana ni kaskazini moja kwa moja. Saa tatu imepita. Wamekwisha msukuma. Ameshageuza shingo.

Bi Njia akalia. Hakujizuia, alilia kwa sauti, na mama mmoja aliyekaa naye akashtuka, akampa kitambaa.

"Pole, dada. Unashukia wapi?"

"Hapa," alisema Bi Njia, akionyesha chini. "Hapa ndipo nilipopandia."

Yule mama akatazama nje, akamtazama yeye, akaamua kulala.

Ilibidi akajinyooshe. Alitembea hadi pazia la mbele, akalisogeza kwa kidole. Mkurugenzi alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mikono kifuani, na hotuba ya usahihi imemfunika tumbo. Bi Njia alimtazama muda mrefu. Alikuwa amejiandaa kumchukia, akashindwa. Kitanda kile kilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, kila inchi yake. Mhudumu wa ndege akamwomba arudi nyuma, akarudi.

Walitua jioni, jua la huko lingali juu, maana majira yale huko huchelewa kulala. Mkurugenzi alitaka Bi Njia amsaidie kutafuta begi lake la tai. Bi Njia akamwonyesha mkanda wa mizigo. "Lile pale, bosi, linakuja," akasema, na akaondoka bila kuaga.

Binti alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma kando ya dirisha, uso umevimba, nywele zimefungwa kwa kipande cha bandeji. Mtoto alikuwa kifuani kwake, mwekundu, amekunja ngumi. Wa kike. Wote wazima. Bi Njia alisimama mlangoni.

"Ingia, mama," binti alisema. "Umeshafika."

Alikuja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Niliwaomba wasubiri kidogo," binti alisema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Nikamwambia daktari mama yangu yuko kwenye ndege. Akaniuliza, anatoka wapi? Nikamwambia. Akasema, ah, huko ni saa tisa na nusu tu, kaondoka lini? Nikamwambia Jumapili." Akamrekebisha mtoto kifuani. "Akadhani dawa zimenipanda kichwani, mama. Akawaambia wanipeleke upesi."

Bi Njia aliinamisha kichwa kwenye shuka.

"Mlangoni niligeuza shingo. Palikuwa na mama mmoja anapiga deki. Nikamwomba asimame. Hakujua kwa nini, ila alisimama, na fagio lake, mpaka mlango ukafungwa."

Walikaa hivyo, mama magotini, binti akimshika kichwa kama yeye ndiye mgonjwa, mpaka mtoto akaamka akalia kwa niaba ya wote. Bi Njia akanawa mikono, akampokea. Alikuwa mwepesi ajabu. Alinusa utosi wake, na miaka saba ikamshuka mabegani yote kwa pamoja.

Simu ikatikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mkurugenzi.

"Nimefika ukumbini nimekuta wanakunja viti. Si kitu, cheti cha kuhudhuria wamenipa. Naibu amenipigia. Anasema kurudi tunaweza kufikisha saa ishirini na mbili tukipitia mashariki, mapumziko mara mbili. Nakutegemea. Andaa njia tuondoke keshokutwa."

Bi Njia aliusoma mara mbili. Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto. Kwa kidole gumba kimoja, polepole, kwenye kile kioo kilichopasuka pembe, akaandika njia fupi kuliko zote alizowahi kuandika tangu aajiriwe.

"Bosi, kutoka hapa hadi nyumbani ni saa tisa na nusu. Ndege moja. Kwa mujibu wa waraka, utakaa nyuma, na msaidizi haruhusiwi."

Akatuma. Alijua kinachomngoja huko ofisini, alijua ile meza ya dirisha lisilofunguka huenda si yake tena, na aliogopa, asiogope vipi. Akaizima simu.

"Ni nani huyo?" aliuliza binti.

"Watu wa kazini. Wanauliza ni mbali kiasi gani."

"Umewaambia?"

"Leo nimewaambia," alisema Bi Njia. "Jisogeze kidogo, mama, nikae."